Maneno Mama Aliyoyapima Sokoni

Kijiko, kwa mujibu wa mama yangu, ni "mukono ya kidogo yenye haisikiaka moto." Mimi ni mwalimu wa Kifaransa. Nimesimama mbele ya ubao miaka kumi na minane nikiwaeleza watoto wa watu maana za maneno mpaka koo linakauka, na sijawahi kutunga maana moja inayoifikia ile hata nusu. Nasema hivi bila kujishusha kwa uongo. Wanaonijua hapa Bukavu watakwambia kwamba kujishusha si ugonjwa wangu.

Lakini mama hakuyatunga maneno yale kwa kujifurahisha. Alikuwa anampoteza mjukuu wake, na alijua.

Dada yangu mdogo anaishi Amerika na mume wake. Mtoto wao wa pekee, msichana, alizaliwa kule, na wakati wa mambo haya alikuwa na miaka minane. Mama hajawahi kumbeba mgongoni wala kumnusa kichwa. Alichokuwa nacho ni uso wa mtoto kwenye simu yangu, kila Jumapili saa kumi na moja jioni, sisi tukiwa tumeshatoka misa zamani na kula, wao huko ndio kwanza wanakunywa chai ya asubuhi. Na mtoto anajua Kiingereza tu. Baba yake anafanya kazi usiku, mama yake anafanya kazi mchana, kwa hiyo aliyemfundisha kusema ni shule na televisheni. Nilimlaumu dada yangu kwa jambo hilo, nikamlaumu kwa sauti, tena kwa Kifaransa, ambacho ndicho lugha yangu ya hasira.

Mtoto alipokuwa mdogo haikuwa taabu. Mama alimwimbia, mtoto akacheka, sote tukaona tumeongea. Alipofika miaka saba kicheko kikapungua. Mama angesema, akijiita Koko kama bibi wote wa kwetu, "Koko iko hapa! Ulikula? Ulikula nini?" na mtoto angegeuka kumtazama mama yake, kama mtu aliyeulizwa swali la mtihani ambao hakuujua. Kisha Jumapili moja, mama akiwa katikati ya maneno, mtoto aliteremka kwenye kiti akaenda zake. Tukabaki kutazama ukuta mweupe wa Amerika na saa iliyotundikwa juu yake.

Dada yangu akaja kwenye simu akiwa na haya. "Maman, anasema anachoka. Tusimulazimishe. Pengine tuache kwanza, atakomaa."

Mama alinirudishia simu. Mama yangu ana miaka sabini na kitu, na hicho kitu chenyewe hakuna anayekijua. Akaniuliza mimi, hakumuuliza dada yangu: "Akikomaa, mie nitakuwa wapi?"

Nikasema rezo, yaani mtandao wa simu, imekatika.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kuchukua beseni lake kwenda sokoni, alisimama mlangoni mwa chumba changu. "Papa," akasema, "utanifundisha ile Kiingereza." Akiwa na furaha nami huniita Papa, kama mama wengi wa kwetu wanavyowaita watoto wao wa kiume. Akikasirika huniita Mwalimu.

Kiingereza changu ni cha kusoma zaidi ya kusema, lakini kinatosha kumfunika asiyekijua. Nikatoa kamusi yangu kubwa, nikamchagulia maneno thelathini ya nyumbani: kiti, mlango, kijiko, mwavuli, na mengine ya namna hiyo. Mama alisoma miaka minne ya shule ya msingi. Anasoma kitabu chake cha sala kwa kidole, polepole, na hakosei. Lakini maneno yangu thelathini yaliingia sikio hili yakatokea lile. Siku ya nne aliweka mikono mapajani akanitazama.

"Shida haiko Kiingereza," akasema. "Shida iko weye. Unanipa jina ya mutu mbele ya kuniambia iko nani."

Alitaka maana kwanza, jina baadaye. Sawa, nikasema, maana ndiyo kazi yangu. Nikakaa na kamusi nikazigeuza maana zake ziwe Kiswahili safi, Kiswahili cha vitabuni. Kiti, niliandika, ni kifaa cha kukalia chenye miguu minne na egemeo, kwa ajili ya mtu mmoja. Niliisoma mara mbili nikafurahi na nafsi yangu.

Mama anauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, katika soko la Kadutu. Kushoto kwa meza yake anakaa muuza makala, mwanamke wa upande wa Nyangezi, ambaye weusi wa hayo makala, yaani mkaa, umempanda mpaka kwenye viwiko, na ambaye hacheki kabla ya saa sita. Kulia anakaa muuza sombe, yale majani ya muhogo, naye anacheka kila kitu, hata bei. Alhamisi sina masomo mchana, nikawa nimepita kumpelekea mama chakula. Nikamkuta anawasomea maana yangu ya kiti, bila kutaja kiti.

Muuza sombe alijaribu: "Meza?" Mama akakataa. Muuza makala alifikiri sana. Alirudia kwa sauti ya chini, miguu minne, mutu moja. Kisha akaniuliza mimi, kwa heshima kabisa:

"Inakulaka nini?"

Muuza sombe alicheka mpaka akashika meza. Mimi nilikasirika. Nilianza kumweleza yule mama kwamba amesikia vibaya, kwamba neno "kifaa" haliwezi kumaanisha mnyama, na kadhalika. Mama hakucheka wala hakunisikiliza. Alikuwa anamtazama muuza makala kama mtu aliyeona mlango pale alipodhani pana ukuta.

"Kama huyu hajui," mama akasema, "basi hata mie sijui."

Sentensi hiyo ikawa sheria. Kuanzia siku ile mama alitunga maana mwenyewe, kwa Kiswahili chetu cha Bukavu, na mimi nikashushwa cheo nikawa mwandishi. Tulikata katoni za sabuni vipande vya ukubwa wa kiganja. Upande mmoja niliandika neno la Kiingereza na namna ya kulitamka. Upande wa pili niliandika maana yake mama. Lakini kadi haikuingia kwenye bwate, kopo kuukuu la maziwa ya unga, mpaka ipelekwe sokoni, isomwe kwa mtu asiyejua Kiingereza wala neno lenyewe, na mtu huyo akitaje kitu mara moja. Akikosea, kadi imekosea. Mama hakuwahi kumlaumu msikilizaji. Mimi, katika miaka kumi na minane, sidhani kama nimewahi kumlaumu mtu mwingine asiyekuwa msikilizaji.

Kulikuwa na sheria moja zaidi, iliyotungwa kwa ajili ya muuza sombe, ambaye alizoea kurukia jibu katikati. Mama angeinua kidole. "Ngoja amalize," angesema. "Mutu anasema, unangoja amalize."

Hakimu mkuu alikuwa muuza makala. Kijiko alikikubali kwa kutikisa kichwa tu, na kutoka kwake hicho ni kigelegele. Lakini mlango ulitusumbua. Mama alikuwa ametunga: "Fasi kwenye banaingilia mu nyumba."

"Dirisha," akasema muuza makala.

"Dirisha? Mutu anaingiliaka mu dirisha?"

"Na mwizi wangu alipitia wapi?"

Kadi ikarudi nyumbani. Mama alitembea na mlango kichwani siku mbili. Alikuwa akipanda ngazi za mtaa wetu na beseni tupu, ghafla anasimama, watu nyuma wanagongana. Siku ya tatu akarudi kwa hakimu na hii: "Fasi ya kuingilia yenye unaomba hodi mbele." Muuza makala alitafuta mwizi anayeomba hodi, hakumpata, akakubali.

Mwavuli ulikuwa "nyumba ya mutu moja, yenye anatembea nayo," na mvua za hapa zinajua kwamba ni kweli. Friji ilikuwa "kabati yenye iko na malaria." Hiyo ilipita kabla mama hajafunga mdomo, na siku nzima watu wa safu nyingine walikuja kuomba isomwe tena. Kuchoka, neno lile lile la mtoto, alilitungia hivi: "Mwili inaomba ruhusa." Aliponiamuru niliandike hakunitazama. Na kungoja kulikuwa "kukaa fasi moja, roho iko ku barabara." Nilipoandika hiyo niliweka kalamu chini nikatoka nje kidogo.

Nataka nieleweke. Simsifu mama kwa sababu ni mama yangu. Nimesoma maana nyingi za watu wenye shahada, nami ninayo moja, na mara nyingi tunaeleza kitu ili aliye karibu aone tumesoma. Mama alianza na uso wa yule muuza makala. Alijua mwenzake anachokijua na asichokijua, mikono yake inagusa nini kuanzia asubuhi, na mwizi alipitia wapi. Kila neno ambalo halikumsaidia mwanamke yule alilitupa. Ninaona hiyo ni akili kubwa, na nimeishi nayo nyumba moja miaka yote nikiona ni mama tu anapika.

Sasa niseme kosa langu, maana bila hilo nitakuwa nimejipamba.

Baada ya wiki kadhaa bwate lilikuwa limejaa. Mama alimwambia dada yangu: "Siku ya Mungu mumukalishe. Koko itasema naye." Alijiandaa kama anakwenda kwa askofu. Jumamosi mimi nikazitazama zile kadi. Zilinuka samaki. Zilikuwa na alama za vidole vya makala, moja ilikuwa imeumwa pembeni na panya. Na ile lugha! Yenye iko na malaria! Nikafikiri, mwalimu mwenzangu akija hapa akaona mwandiko wangu juu ya maneno haya, nitasema nini? Nikanunua kadi nyeupe. Nikakaa jioni nzima nikayanakili yote kwa mwandiko wangu wa kwenye ubao, na nilipokuwa nanakili nikarekebisha. Kidogo tu, nilijiambia. Friji ikawa kabati la umeme linalohifadhi vyakula kwa ubaridi. Kungoja kukawa kukaa mahali kwa kutarajia jambo. Kijiko, Mungu anisamehe, kikawa chombo cha kulia au kukorogea.

Niliona ni zawadi. Asubuhi mama alipokwenda misa ya kwanza nikataka kumkaribisha na chai ya moto, zawadi juu ya zawadi. Makala ya kwenye mbabula, jiko letu la mkaa, yalikuwa na unyevu, hayakutaka kushika. Nikatazama huku na huku, nikachukua zile katoni kuukuu, nikawashia.

Saa kumi na moja mtoto alikuwa tayari. Dada yangu alikuwa amemsuka vizuri, amemkalisha mbele ya simu yao. Mama akafungua bwate akakuta weupe. Alichukua kadi moja akaigeuza, akachukua ya pili, akaisogeza puani. Ndipo nilipoelewa kwamba kila kadi aliijua kwa doa lake: hii ina kidole cha makala, hii panya, hii ilidondokewa na mafuta. Akaanza kusoma sentensi zangu kwa kidole. Kabati. La. Umeme. Linalo. Hakuna hata moja iliyomletea kitu kichwani, kwa hiyo neno la Kiingereza nalo halikuja. Jasho lilimtoka chini ya kitambaa cha kichwa.

Mtoto alingoja. Nampa haki yake, alingoja sana kwa mtoto wa miaka minane. Kisha kiti kikabaki kitupu, na saa ile ukutani.

"Mwalimu," mama akasema. "Bintu byangu biko wapi?"

"Nilivisafisha, mama. Ni vilevile, nili…"

"Biko wapi?"

Nilitazama mbabula. Hakuwa na haja ya jibu lingine. Sikuwahi kumwona mama yangu amekaa hivyo, hata tulipomzika baba. Hakupaza sauti.

"Ile chai nilikunywa leo," akasema, "uliipika na mutoto wangu."

Nimeadhibiwa mara nyingi maishani, shuleni kwa fimbo, kazini kwa barua. Hakuna kilichonipata kama maneno yale. Nililala nayo nikaamka nayo.

Jumatatu sikusubiri kuambiwa. Niliomba ruhusa shuleni, nikabeba beseni la sambaza kichwani, nikamfuata mama mpaka sokoni. Wanafunzi wangu wawili waliniona, wakasimama kabisa barabarani wakanitazama ninavyopita na samaki. Acha watazame. Mama aliwaeleza wenzake kilichotokea kwa sentensi mbili, na hakunitetea. Muuza sombe kwa mara ya kwanza hakuona cha kuchekesha. Muuza makala aliendelea kujaza vibwate vyake vya mkaa. Nilifikiri hakusikia.

"Mukono ya kidogo yenye haisikiaka moto," akasema, bila kuinua kichwa.

Muuza sombe aligeuka kumtazama.

"Kabati ya malaria!" akapiga kelele muuza sombe.

"Nyumba ya mutu moja, yenye anatembea nayo."

"Mwili inaomba ruhusa."

Yalikuja yote. Kwa wiki zile zote walikuwa wakiyachukua kwenda nayo nyumbani. Muuza sombe alikuwa akiyauliza kwa watoto wake kabla ya kulala, kama vitendawili. Muuza makala alikuwa nayo kichwani neno kwa neno, pamoja na yale aliyoyakataa na sababu za kuyakataa. Nilichuchumaa juu ya gunia lake na vipande vipya vya katoni, nikaandika walivyosema, herufi kwa herufi. Kila palipotokea "yenye iko" mkono uliniwasha. Sikugusa. Maana tatu hazikupatikana kabisa, na mama akasema hizo kumbe hazikuwa nzuri.

Nilimwambia muuza makala asante. Nilimwambia pia kwamba nilidhani vyote vimeungua.

"Mie niko nauza makala," akanijibu. "Ninajua chenye inawaka na chenye haiwakaka."

Jumapili iliyofuata dada yangu alilazimika kumwahidi mtoto keki ndipo akae. Alikaa amekunja mikono, uso umefungwa. Mama alikuwa na katoni zake mpya mapajani. Nilimwona anatafuta neno la salamu, akalikosa, na nikaona hofu ile ile ya wiki iliyopita inapanda shingoni. Akatazama kadi ya juu. Hakutazama upande wa Kiingereza. Alitazama upande wake mwenyewe, na badala ya kutafuta jina la kitu, akasema ile maana, kwa maneno machache ya Kiingereza aliyokuwa nayo: mkono, mdogo, moto, hakuna shida.

Mtoto akakunja uso. Nikafungua mdomo kusaidia. Mama akaniinulia kidole.

"Ngoja amalize."

Mtoto hata hakuwa ameanza. Tukangoja. Nilisikia pikipiki inapanda kilima, ikafika juu, ikapotea. Mikono ya mtoto ikakunjuka taratibu.

"Spoon?" akasema.

Mama aligeuza kadi. Akafuata herufi kwa kidole mpaka ya mwisho, kisha akainua kutoka kwenye sahani kijiko chenyewe, cha bati, kilichopinda, akakionyesha Amerika. "Spoon," akasema, na mtoto akacheka. Kicheko kile kile cha utotoni. Dada yangu, kule nyuma, aliziba mdomo kwa mkono.

Mtoto akaomba kingine. Mama akampa friji, akajifanya anatetemeka, na mtoto akapata mara ya pili. Akampa mwavuli. Akampa mlango, na huo ulichukua muda, kwa sababu kule kwao kumbe hakuna anayepiga hodi, wana kengele. Mtoto alimsahihisha matamshi kwa ukali wa mwalimu, na mama, ambaye mimi sikuweza kumsahihisha chochote, alirudia kila neno mpaka likakubaliwa. Tulikwenda hivyo mpaka mega zangu za intaneti zikaisha.

Baada ya hapo haikupita Jumapili bila mchezo huo. Baada ya muda mtoto akaanza kutunga zake, za vitu vya kule, na mama akawa anabahatisha. Kadi ya theluji ilikaa nje ya bwate, kwenye kopo lake peke yake, muda mrefu, kwa sababu mama alikuwa ametunga "mvua yenye inaanguka bila kusema," na sokoni hakuna aliyeweza kuitaja. Muuza makala alisema mvua kama hiyo ina lake jambo. Kisha asubuhi moja ya huko mtoto alikimbia na simu dirishani, na tukaiona. Mama alitega sikio. Kweli haikusema. Akaniamuru niihamishie kadi kwenye bwate.

Halafu ikaja ile ambayo kwa sababu yake ninaandika haya. Mtoto alitokea kwenye simu na kadi yake mwenyewe, ameikata kwenye katoni ya chakula cha asubuhi, ameipamba kwa penseli za rangi. Neno amelifunika kwa kiganja, kama sheria inavyotaka. Akasoma maana polepole, na mimi nikaigeuza kwa lugha ya mama, nikiogopa kuongeza hata herufi:

"Mutu mwenye anangoja mupaka unamaliza kusema, hata kama hasikie Kiingereza yako."

Mama alifikiri. Alitazama juu, akatazama kadi zake.

"Padiri," akasema. "Mu kitubio."

Nilitafsiri. Mtoto alicheka, akatikisa kichwa. Akaondoa kiganja. Pale palikuwa pameandikwa KOKO, kwa herufi nne za rangi nne.

Nilidhani mama atalia. Mimi nililia, sikuona haya. Mama alikunja midomo jinsi anavyofanya akipewa samaki wasiojaa kipimo.

"Andika," akaniambia. "Lakini usiweke mu bwate. Mie sikuijua, basi iko na kosa. Haijafika ku soko."

Kesho yake ilikuwa likizo, nikaenda naye. Alipanga sambaza wake, akajifuta mikono, akachukua kadi akaisoma mwenyewe, bila kusema ni nini na imetoka kwa nani. Muuza sombe alifungua mdomo akaufunga, amejifunza kungoja. Mama alipomaliza, muuza makala hakufikiri hata kidogo. Alikuwa anafunga gunia, akaendelea kulifunga.

"Unaniuliza ya nini?" akasema. "Si uko weye."

Mama alisimama na kadi mkononi. Akamtazama, akatazama samaki, akanitazama mimi. Nikanyoosha bwate, maana kadi ilikuwa imeshapita, kila kadi hupimwa kwa mtu mmoja tu. Hakuiweka. Aliniambia nichunge meza, akaenda kwa muuza ndizi, akamsomea. Kisha kwa wauza unga. Nilimwona anashuka safu nzima, meza kwa meza, anasoma, anainua kidole ili wangoje amalize, na kila meza wanamwonyesha yeye kwa mkono. Sambaza wa siku ile walikaa mpaka saa nane hawajauzwa, kwa sababu mwenyewe alikuwa anazunguka soko la Kadutu akiuliza swali ambalo jibu lake alikuwa ameshaambiwa.